Mama wa Kwenye Simu Hasalimii

Desemba 8

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali mjini Shinyanga alitueleza mara mbili. Mara ya kwanza alimweleza Mama, ya pili akanieleza mimi, maana aliona Mama anaitikia kwa adabu tu. Kiharusi kimempiga Baba upande wa kulia. Ulimi umeshaanza kurudi, mguu utafuata, mkono utachelewa kuliko vyote. Dawa zipo, lakini kazi kubwa ni mazoezi. Hospitalini wana chumba chenye baiskeli isiyokwenda popote, vyuma vya kushikilia na vioo ukuta mzima, naye angependa Baba afike pale mara tatu kwa wiki.

Mama akamuuliza kama anaijua barabara ya kwetu Kishapu mvua zikishanyesha. Yule kijana akacheka, akasema basi iwe nyumbani, ila kila siku, bila kukosa.

Nikasema, "Hilo niachieni mimi."

Nani mwingine? Kaka Fredy yuko machimboni Geita. Mimi ni karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba, na mashine zimelala mpaka msimu ujao. Halafu mimi ni mtu wa jimu. Miaka sita napiga chuma na wanaume wananipisha kwenye benchi. Nikishindwa kumnyanyua baba yangu mwenyewe, hii mikono niliifuga ya nini?

Desemba 10

Tumefika nyumbani. Nimeweka kwenye simu programu ya mazoezi ya nyumbani, yasiyotaka chuma wala kifaa. Kuna mwanamke anaongea Kiingereza kwa sauti tamu, anakuambia simama, kaa, hesabu, pumua. Ukimaliza siku anakupa medali, ukikosa siku anafuta mfululizo wako wote. Nimepanga mimi nifanye yangu asubuhi, Baba afanye yake aliyoandikiwa na mtaalamu, na huyo mwanamke atuhesabie wote.

Leo tumeanza humo humo chumbani. Zoezi la kwanza la Baba ni kuushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, hapo kwenye kifundo, na kuunyanyua mbele polepole. Akaunyanyua kidogo, ukaanguka. Simu ikasema maneno.

Baba akauliza, kwa ule ulimi wake mzito, "Anasema nini?"

"Anasema hongera, Baba."

Akafikiri. "Ameniona?"

"Hapana. Ni mashine."

"Hajaniona, ananipa hongera ya nini? Na mbona ameingia kwangu bila salamu?"

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Yalipoanza kutoka hayakutaka kuacha, ikabidi nitoke nje nijifanye natafuta maji.

Desemba 11

Mvua. Tumefanya. Hongera mbili.

Desemba 14

Palizi. Nimekwenda shambani na Mama nikiwa na maringo yangu yote, kufika saa nne nina malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Mama ananiuliza kwa upole, "Jimu hamna jembe?" Kuna njia za kumtukana mtu ambazo mama mzazi tu ndiye anaziweza.

Ritha, mwenzangu wa jimu, ametuma ujumbe wa sauti: "Esta, benchi lako limekaliwa na mtu asiyejua hata kukunja magoti. Unapiga tizi huko au umekuwa mkulima?" Nimemjibu nimekuwa vyote, na vyote vinauma.

Desemba 19

Leo sitaki kuandika lakini nitaandika.

Herman amekuja kumwona Baba. Herman ni jirani yetu ng'ambo ya korongo. Kila asubuhi tangu nina akili anapita mbele ya mji wetu, boma letu hili, na ng'ombe wake akienda malishoni, anasimama kwenye uzio wa minyaa, anapaza sauti kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Luka! Mwangaluka!" na Baba anajibu kutoka popote alipo, hata chooni. Wamepishana miaka minne, Baba ndiye mkubwa. Wameoa mwaka mmoja, wamezika pamoja, wamegombana juu ya fahali mmoja kwa muda mrefu kuliko niliosoma sekondari.

Alileta kibuyu cha maziwa. Nikakipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika mkono chini ya kiwiko, kama mtoto yeyote anavyopokea kitu cha mkubwa, nikapiga goti nikamsalimia. Akaingia ndani. Baba alikuwa ameketi kitandani. Herman akanyoosha mkono, na Baba, kwa mazoea ya maisha yote, akataka kutoa wake. Wa kulia haukuja. Ukaja wa kushoto.

Sote tuliuona ukining'inia pale hewani. Mkono wa kushoto, kwa mtu mzima mwenzako, ndani ya nyumba yako. Herman aliupokea haraka kama vile hakuona kitu, akaanza kusimulia habari za mvua. Lakini Baba aliuficha mkono chini ya shuka mpaka mgeni alipoondoka. Kisha akamwambia Mama, "Watu wasiingie humu."

Desemba 25

Tumekwenda kanisani mimi na Mama. Baba amebaki. Amesema, atawasalimia watu kwa mkono gani?

Januari 3

Kaka Fredy amepiga simu. Duara lao, lile shimo la dhahabu, limekubali kidogo, yuko na furaha, kwa hiyo ana amri. Anataka kumpeleka Baba Geita. Kuna chumba cha mazoezi cha kisasa mtaani kwake, mashine za kila namna, na mtaalamu yuko pale pale. Nikamwambia tunafanya mazoezi hapa hapa na programu. Akasema, "Esta, mzee haponi kwa simu. Nasubiri masika yaishe. Akiwa bado hajatoka humo ndani, nakuja na gari kumchukua."

Alikuwa kwenye spika na Baba alisikia. Baba hajawahi kulala nje ya mji huu ila hospitalini. Akinyanyuliwa hapa akawekwe chumba cha kupanga Geita, aangalie ukuta, hatarudi. Najua mimi na anajua yeye. Jioni alifanya zoezi la mkono bila kuambiwa, kisha akanitazama kama anayeuliza inatosha au bado.

Januari 6

Nimepata akili. Baba hataki kuonekana, sawa, hataonekana. Nimechukua yale maturubai ya kuanikia pamba nikayafunga kwenye minyaa upande wote wa njia. Sasa tuna ua wenye kuta. Nimejaza mchanga kwenye madumu, nimechimbia nguzo mbili za Baba kushikilia akisimama, simu nimeiweka juu ya kinu. Jimu kamili, haina kioo tu, na kwa nywele zangu za sasa sikitaki.

Baba alitoka! Kwa kuegemea bega langu, lakini alitoka, akasimama kwenye nguzo, jua likampiga usoni. Mama aliacha kupepeta akabaki anamwangalia.

Januari 9

Mguu unapiga hatua. Mkono bado.

Januari 12

Nimempigia Ritha nikamtambia. Nimemwambia jimu ni mazoea tu ya watu wa mjini, uzito wa mwili wako unatosha na huyu wa kwenye simu hakosi siku. Hana mapozi wala hasimulii habari za mchumba wake katikati ya seti. Ritha amesema, "Haya bwana, mtu anayefanya mazoezi na kinu." Amenuna kidogo. Atapoa.

Januari 17

Asubuhi nzuri. Nilikuwa kwenye planki, nimejinyoosha juu ya viwiko na vidole vya miguu, spika za masikioni zimejaa muziki, imebaki kidogo sana nivunje rekodi yangu. Herman alipita na ng'ombe, nadhani alisalimia. Nikishuka tu ilikuwa inafutika, kwa hiyo sikushuka. Baba alikuwa bado amelala. Rekodi imevunjika.

Januari 24

Jua kali. Mvua imekatika.

Januari 29

Baba ameuliza, "Herman anaumwa?"

Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajasikia kengele za ng'ombe wake siku nyingi. Nikagundua hata mimi sijazisikia. Mama alisema labda ukame umemfanya abadili malisho. Baba akatazama turubai kama linaloweza kujibu.

Februari 4

Pamba inanyauka mchana, inainuka kidogo alfajiri. Hakuna aliyekuja wiki hii. Hakuna aliyekuja wiki iliyopita pia. Hata mke wa mwinjilisti, ambaye kazi yake hasa ni kufika.

Februari 8

Baba amekataa kutoka. Amesema mguu unauma. Haumi, nauona. Nimemfanyia mazoezi ya vidole kitandani, nikambeba kwa maneno, nikamkaripia, ndiyo, nimemkaripia baba yangu mzazi, kisha nikatoka nikapiga pushapu kwa hasira mpaka mavumbi yakanijaa puani. Simu ikasema leo nimejishinda mwenyewe. Nimeitazama sana. Ningeweza kuitupa korongoni.

Februari 10

Hata jana na leo hakutoka. Anakula robo ya ugali. Mkono uliokuwa umeanza kufika kifuani sasa unaishia tumboni. Mfululizo wangu mimi haujakatika hata siku moja, na medali zimejaa.

Februari 13

Mama amerudi kutoka mnadani Mhunze, akaketi bila kufungua kanga ya mzigo wake. Nilijua kuna jambo. Mama akiwa na hasira huongea taratibu kuliko kawaida, na leo aliongea taratibu sana.

"Esta. Salamu ya Herman uliiweka wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza. Pale mnadani alimkuta Mama Justa, mke wa Herman, akamsalimia, yule akaitika nusu na kugeukia chumvi yake. Mama si mtu wa kuachia. Akamzungukia upande wa pili wa meza akamuuliza shemeji yangu nimekukosea nini. Ndipo Mama Justa akasema: kwenu si mmefunga? Si mmeweka maturubai watu wasione ndani? Mume wangu amesimama pale kwenye minyaa, amesalimia mara tatu, mara ya tatu amemtaja Luka kwa jina, hamkuitika. Na mtu alikuwepo, alisikika anahema. Basi tumeelewa, na majirani wameelewa. Mwenye kufunga mji wake hagongewi.

Mama akamaliza, akaniangalia. "Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwenye planki. Hilo ndilo jibu, nikalisema, na nilipolisikia likitoka mdomoni niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kwetu mtu akikukosea mali mtazungumza, akikukosea ng'ombe mtapatana. Salamu isiyoitikwa haina baraza. Mtu anachukua ng'ombe wake na kupita njia nyingine, na kijiji kizima kinapita naye.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki zote hizo nilikuwa namhesabia Baba hatua zake, na kila asubuhi yeye alikuwa anasubiri sauti moja tu kutoka nje ya turubai. Niliifunga mimi, kwa mikono yangu yenye nguvu.

Mama aliona nalia, akanisogezea mzigo wake. "Fungua basi, kuna samaki humo, wataharibika." Ndiyo namna yake ya kusamehe.

Februari 14

Nimekwenda kwa Herman kabla jua halijawa kali. Alikuwa zizini anamfunga ndama asinyonye. Nikapiga magoti pale pale kwenye samadi.

"Mwangaluka, baba."

Hakuitika. Alimfunga ndama, akalikagua fundo, akalifungua, akalifunga upya. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba magoti yangu yaliyozoea skwati za kila aina hayajawahi kukaa mahali pazito namna ile.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema hatimaye. "Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, baba."

Nikamweleza yote, planki, spika za masikioni, turubai ni la nini. Alisikiliza akitafuna kijiti chake cha meno. Nilipofika kwenye mkono wa Baba akakitoa kinywani.

"Kwa hiyo Luka hakunikasirikia?"

"Akukasirikie kwa nini?"

"Niliuona mkono wake," akasema. "Siku ile. Nikasema moyoni, mtu mzima nimemwona akiaibika ndani ya nyumba yake, hataki tena kuniona. Halafu nikaona mmeweka turubai. Nikasema basi, hilo ni langu."

Wazee wawili, kila mmoja ameketi kwake, kila mmoja anadhani ndiye aliyemwaibisha mwenzake. Nikamsihi aje, hata leo, Baba anamsubiri. Akatikisa kichwa.

"Wewe nimekusamehe hujafika hata kwenye zizi, wewe ni mtoto. Lakini ile salamu sikukupa wewe. Nilimsalimia Luka, na Luka ndiye ataitika. Mimi nimeshasimama kwenye minyaa nikasalimia mara tatu. Sasa ni zamu yake."

"Baba, hawezi kufika huku. Kuna korongo."

"Njia anaijua. Mwaka juzi aliipita amelewa, anaimba." Akanigeuzia mgongo, akamrudia ndama, lakini nilimwona usoni kabla hajageuka, na hakuwa mtu mwenye hasira.

Februari 15

Nimeng'oa maturubai yote. Nimemwambia Baba kila kitu, na kosa langu, na maneno ya Herman bila kupunguza.

Kutwa nzima aligeukia ukuta. Nikafikiri nimemmaliza. Jioni, Mama akimlisha uji, Baba akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu dukani, "Kwa Herman ni mbali?"

"Si unapajua," Mama akasema.

"Napajua kwa miguu ile ya zamani."

Februari 16

Ametoka mwenyewe. Amefika kwenye nguzo, akazipita, akafika kwenye minyaa. Akasimama ameshika mnyaa apumue, na mwanamke mmoja akawa anapita na kuni. Baba akamwahi yeye kwanza, "Mwangaluka!" Yule mama alishtuka, nusura kuni zimdondoke. Akaitika, akauliza habari za mwili, habari za ng'ombe, habari za mvua isiyokuja, na Baba alijibu zote kwa ulimi wake wa kuburuta, moja moja. Alisimama muda mrefu kuliko mtaalamu yeyote angethubutu kumpangia.

Simu ilikuwa imesimama kwenye kinu ikihesabu peke yake.

Februari 27

Mvua! Imeanza adhuhuri na bado inaendelea. Baba ameiangalia akiwa amesimama mlangoni, hakuketi.

Machi 8

Ratiba yetu mpya: asubuhi tunakwenda kwenye minyaa saa watu wanapopita. Kila anayepita anasalimia, na huwezi kusalimiwa umeketi kama mgonjwa, kwa hiyo Baba anasimama. Mimi najifunza jinsi wanawake wa hapa wanavyoishi na magoti yenye afya mpaka uzeeni. Asubuhi moja nimepiga magoti kusalimia wakubwa mara nyingi kuliko skwati za programu. Nimemweleza Ritha. Amesema ataanza kuwaamkia watu pale jimu, mpaka yule mlinzi.

Machi 15

Bado kuna jambo linamzuia. Leo tumefika njiani, tukaenda mpaka kwenye jiwe kubwa kabla ya korongo, akasimama, akageuka. Mguu ulikuwa haujachoka.

"Baba, mbona tunarudi?"

"Nikifika nitampa mkono gani?"

Mkono wa kulia, ukiachwa peke yake, unaning'inia tu. Anaokoteza nao karanga moja moja kwenye ungo, anaweza kubana nguo, lakini kunyanyuka wenyewe mbele ya mtu, hapana. Nikamwambia Herman hajali. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mwenye kiharusi.

Machi 16

Kunyanyua mkono kwa mkono. Asubuhi, mchana, jioni. Ameomba mwenyewe tuongeze.

Machi 30

Korongo limejaa, hakuna kuvuka. Vitumba vya pamba vimeanza kukaza. Baba anavihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, anakosea kwa makusudi ili aanze upya.

Aprili 11

Fredy amepiga. Masika yakiisha, gari tayari. Nikamwambia Baba anatembea mpaka korongoni. Akasema, "Kutembea mpaka korongoni na kurudi siyo maisha, Esta. Mimi mwenyewe nilikuwa nampigia simu nasikia sauti ya mtu anayetoka nje. Sasa nasikia mtu aliyeko nyuma ya mlango." Kwa mara ya kwanza nikamwelewa kaka yangu. Ukali wake wote ni kumkosa baba.

Aprili 19

Mafua. Sikufanya chochote. Mfululizo wangu wa tangu Desemba umefutika. Nilidhani nitalia. Nikala muhogo nikalala.

Aprili 28

Maji yamepungua korongoni, mawe yanaonekana. Pamba ya kwanza imepasuka kule juu karibu na kichuguu.

Baba ameomba Mama amfulie lile shati jeupe.

Mei 4

Nitaandika yote kabla sijasahau hata kitu kidogo.

Aliamka kabla yetu. Tulipotoka alikuwa ameshavaa shati, vifungo viwili vimepishana, kavifunga mwenyewe kwa vidole vyake vile. Mama akanyoosha mkono avirekebishe kisha akaurudisha. Nikatafuta simu ili tuhesabu hatua, ilikuwa kwenye chaji ya sola na imejaa nusu tu. Baba akasema, "Mwache huyo mama alale."

Tukaenda sisi wawili. Alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, mimi nilikuwa upande wa kulia bila kumgusa, maana alishanikataza. Kwenye jiwe kubwa alipumzika. Kwenye korongo tulivuka kwa kukaa juu ya kila jiwe kabla ya kwenda linalofuata, na kwenye jiwe la katikati akacheka peke yake. Nilipomuuliza akasema, "Siku ile nimelewa nilivuka haraka zaidi." Mguu wa kulia uliburuta kilima chote cha upande wa pili. Nilitaka kumbeba, Mungu ananiona. Nina nguvu za kumbeba mpaka mlangoni kwa Herman. Nilikunja mikono yangu nyuma nikatembea.

Herman alikuwa ameketi nje anasuka kamba. Alituona tangu mbali, lakini hakuinuka, aliendelea kusuka, ingawa niliona kamba haikuwa inaongezeka. Mpaka Baba alipofika kwenye kivuli cha ghala ndipo akasimama.

Wakatazamana. Mkono wa Herman ulibaki ubavuni. Nikaelewa kwamba anamwogopea. Hataki kuunyoosha kwanza, usije ukapokelewa na ule wa kushoto kama siku ile. Na zamu ni ya Baba, mkono unatoka kwake.

Baba akanipa fimbo. Akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, hapo kwenye kifundo, akaunyanyua mbele polepole. Zoezi la kwanza kabisa, lile la Desemba, lile tulilolifanya asubuhi na mchana na jioni. Ukapita tumbo, ukapita kifua, ukasimama mbele ya Herman, umeshikwa na wa kushoto kwa chini. Nikaona. Miezi yote hii nauhesabu kama zoezi na sikuona kwamba hivyo ndivyo mtoto anavyompa mkono mkubwa wake. Hivyo ndivyo nilivyokipokea kile kibuyu cha maziwa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, hakuna iliyo juu yake.

"Mwangaluka, Herman," Baba akasema.

Herman alifumba macho kidogo. "Luka, wewe ni mkubwa wangu. Usinisalimie hivyo."

"Nina deni la salamu. Pokea, mkono unachoka."

Naye Herman akatoa wa kulia, wa kushoto akaushikiza chini ya kiwiko, akainama, na wakashikana hivyo, kila mmoja amemfanya mwenzake kuwa mkubwa. "Mwangaluka," akasema, "mwangaluka, mwangaluka," kama anayelipa zile zote zilizopotea. Hawakuachiana. Kisha Herman akapiga kelele, "We, polepole, unanibana!" Sijui kama ni kweli alibanwa. Baba aliamini, na uso wake ulikuwa uso wa baba yangu wa zamani.

Tulikunywa maziwa. Waligombana juu ya yule fahali. Mama Justa alinipa ugali nikala kama mchimbaji.

Tulirudi jioni kwa mkokoteni wa Herman, tukizungukia njia ndefu inayokwepa mawe ya korongo, Baba mbele anawaelekeza ng'ombe wasio wake. Nilipowasha simu ilinung'unika papo hapo. Baba akaisikia.

"Anasema nini?"

"Anasema leo hatujafanya mazoezi yoyote."

Alikuwa anahangaika kuvua kiatu, amechoka hata nywele zimechoka.

"Mwambie tulikwenda kusalimia."

Mei 6

Fredy amezungumza na Baba, halafu na Herman ambaye alikuwa ameketi hapa hapa. Mwishoni akaomba azungumze na mimi. "Basi mwacheni huko," akasema. "Nitakuja Juni kuwasalimia." Sauti yake ilikuwa imelowa.

Mei 25, Shinyanga

Mashine za kiwanda zinanguruma tangu asubuhi, pamba imejaa mpaka kwenye nywele. Jioni nimekwenda jimu. Benchi langu lipo, Ritha yupo, akaniuliza swali alilolitunza msimu mzima: nyumbani panatosha au hapatoshi? Nikamwambia inategemea nani anapita nje. Akasema huko kijijini nimefundishwa mafumbo, nishike chuma tuanze. Kabla hatujaanza nilizunguka jimu nzima kusalimia, mpaka yule kijana asiyejua kukunja magoti. Nilimwonyesha.

Nilipotoka nikapiga simu nyumbani. Mama alipokea, nyuma yake nikasikia kuku tu.

"Nipe Baba nimsalimie."

"Baba yako hayupo," Mama akasema. "Ametoka."